Mbwa mzee anatweta bila kukimbia: sababu zake, na saa ya kumwahisha kwa daktari

Ni saa tatu usiku, upepo unavuma, na mbwa wa miaka 10 amelala barazani. Hajakimbia wala hajafukuza paka, lakini ulimi uko nje na mbavu zinakwenda mbio. Nyumba nyingi hulimaliza jambo hili kwa neno moja: "Kazeeka." Mbwa wengi hupotea hapo hapo, kwa sababu uzee peke yake hautwetishi mbwa. Kuna kitu ndani yake kinachomtwetesha: moyo, koo, nyonga, damu, homoni, tumbo au joto. Baadhi ya hivyo vinatibika vizuri vikiwahiwa, na vingine vinaua kabla ya alfajiri. Kuutaja ugonjwa ni kazi ya daktari wa mifugo. Mwenye mbwa anatakiwa atambue ana wiki ya kusubiri, ana siku moja, au ana dakika chache tu.

Mzee ni yupi? Mbwa wakubwa kama Boerboel na Rottweiler huingia uzeeni wakiwa na miaka 6 au 7, German Shepherd na Labrador miaka 8 hivi, na mbwa wadogo kama Maltese na Japanese Spitz miaka 10 au 11. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 hadi 20 yuko katikati.

Mbwa hutweta kwa nini

Mbwa hatoi jasho mwili mzima. Tezi zake za jasho zenye kazi ziko kwenye nyayo, na hizo haziwezi kupoza mwili wa kilo 30. Kazi hiyo hufanywa na ulimi, kinywa na njia za pua: hewa hupita haraka juu ya sehemu zenye majimaji, maji hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto. Mbwa aliyetulia hupumua mara 15 hadi 30 kwa dakika. Akitweta anaweza kufika mara 200 hadi 400. Pumzi hizo ni fupi, na hewa nyingi huishia kooni na kwenye mirija mikubwa bila kufika ndani ya mapafu, ndiyo maana mbwa mzima anaweza kutweta kwa muda mrefu asipate kizunguzungu.

Njia hii inafanya kazi pale tu hewa ya nje inapoweza kupokea mvuke. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba mbwa hutweta kwa bidii na bado mwili haupoi. Nyuzi 32 za pwani ni mzigo mzito kuliko nyuzi 32 za Dodoma, ambako hewa ni kavu. Mbwa mzee aliyezoea Nairobi au Arusha akihamishiwa pwani mwezi wa Januari anahitaji wiki kadhaa kuzoea, na wiki hizo asitolewe matembezi baada ya saa mbili asubuhi.

Joto, hata hivyo, ni kichocheo kimojawapo tu. Ubongo huamrisha kutweta pia oksijeni inapopungua, damu inapokuwa na asidi nyingi, mwili unapouma, mbwa anapoogopa, au homoni ya kortisoli inapozidi. Kwa hiyo mbwa anayetweta mahali penye ubaridi, akiwa amepumzika, amekwisha kukuambia kwamba moja ya hayo mengine lipo.

Kuna jambo linalochanganywa mara nyingi, nalo ni kutweta na kupumua kwa taabu. Anayetweta ana mdomo wazi, ulimi umelegea, na unaweza kumkatiza kwa kumpa kipande cha nyama au kumwita jina: atafunga mdomo sekunde chache, atasikiliza, kisha ataendelea. Anayepumua kwa taabu hawezi kufunga mdomo hata umpe nini. Shingo ameinyoosha mbele, viwiko amevitanua, tumbo linajikaza kila pumzi, na hataki kulala ubavu; atakaa au atasimama mpaka achoke. Huyo wa pili hasubiri uchunguzi wa nyumbani. Mpigie daktari ukiwa njiani.

Vipimo vitatu vya nyumbani

Cha kwanza ni kuhesabu pumzi usingizini. Subiri alale kweli, mahali penye ubaridi, angalau saa mbili baada ya kula au kutembea. Akiwa anaota, miguu ikirukaruka na kope zikicheza, usihesabu, maana pumzi za ndotoni hazina mpangilio. Mtazame mbavuni: kupanda na kushuka ni pumzi moja. Washa saa ya simu, hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha mara 2. Mbwa wengi wazima hupumua chini ya mara 25 wakiwa usingizini, na mpaka ni 30. Ukipata zaidi ya 30, rudia baada ya saa moja. Ikibaki hapo, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Ukipata zaidi ya 40, nenda sasa hivi, hata kama ni usiku.

Namba hii ina thamani zaidi ukiwa na ya kulinganisha. Andika hesabu ya usiku 5 hadi 7 wakati mbwa ni mzima, uibandike ukutani au uiweke kwenye simu. Mbwa ambaye siku zote ni 16 akianza kusoma 26 bado hajafika 30, lakini ameongeza pumzi 10, na daktari makini atataka kujua sababu. Kama mbwa hulala nje na anayemwona usiku ni mlinzi, mfundishe mlinzi kuhesabu. Yeye ndiye anayejua mbwa analalaje.

Cha pili ni rangi ya fizi. Inua mdomo wa juu pembeni, juu ya jino la chonge. Ufizi mzuri ni wa waridi na una utelezi. Ubonyeze kwa kidole mpaka pawe peupe, uachie, na rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mbwa wenye fizi nyeusi, na wako wengi, wavute kope ya chini ya jicho utazame ndani. Weupe maana yake damu imepungua au haizunguki vizuri. Bluu au zambarau ni oksijeni imekosekana. Manjano ni ini lina shida au chembe nyekundu zinavunjika. Nyekundu iliyokolea, pamoja na joto la mwili, ni dalili ya kuzidiwa na joto. Fizi nyeupe au za bluu kwa mbwa anayetweta ni safari ya dakika hiyo.

Cha tatu ni kipimajoto. Cha dijitali kinachouzwa duka la dawa kinatosha, ila kikishatumika kwa mbwa kisirudi kwa watoto. Kipake mafuta ya mgando, mtu mmoja amshike mbwa kichwani, wewe inua mkia na uingize ncha kwa sentimita 2 hadi 3, ukiielekeza kidogo pembeni iguse ukuta wa utumbo badala ya kuzama kwenye kinyesi, ambacho hupotosha kipimo. Joto la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2. Kinachowapotosha wengi ni kupima kwa mguso wa pua au masikio: pua kavu haimaanishi homa, na pua yenye maji haimaanishi afya.

Moyo

Hii ndiyo sababu inayopita kimya kimya kuliko zote. Kwa mbwa wadogo, vali iliyo upande wa kushoto wa moyo huanza kunenepa na kuvuja umri unapokwenda. Kwa mbwa wakubwa kama Doberman na Boxer, mara nyingi misuli yenyewe ya moyo hulegea na kutanuka. Njia ni mbili lakini mwisho wake mmoja: damu inarundikana nyuma ya moyo, maji yanavuja kuingia kwenye mapafu, na nafasi ya hewa inapungua.

Dalili za mwanzo ni ndogo. Anakohoa usiku au anapoamka. Anakaa chini katikati ya njia ambayo zamani aliimaliza akitangulia. Anabadilisha mkao usiku kucha. Wengine huzimia sekunde chache wakisisimka, kisha husimama kama hakuna kilichotokea. Wakati huo pumzi za usingizini zinapanda taratibu, mara nyingi siku kadhaa kabla ya kutweta kuonekana mchana, na hapo ndipo kile kidaftari cha namba kinapookoa maisha.

Daktari anaweza kusikia vali inayovuja kwa stetoskopu miaka mingi kabla ya mapafu kujaa, kwa hiyo mbwa mzee asikilizwe kifua kila anapopelekwa chanjo. Akigunduliwa mapema kuna faida ya kweli: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mbwa wenye vali inayovuja na moyo uliokwisha kutanuka, waliopewa dawa ya moyo iitwayo pimobendani kabla ya dalili kuanza, walichelewa kuingia kwenye kushindwa kwa moyo kwa takriban miezi 15. Maji yakishaingia mapafuni, dawa kuu ni furosemidi, ambayo humkojoza sana. Watu wakiona mbwa anakojoa sebuleni humnyima maji. Kosa hilo huharibu figo haraka. Maji yawepo saa 24. Kinachobadilika ni kumtoa nje mara nyingi zaidi.

Koo

Labrador mzee anayetweta kwa kelele ana uwezekano mkubwa wa kulegea kwa zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni. Kwenye zoloto kuna vipande viwili vya gegedu ambavyo hufunguka kila anapovuta hewa. Mishipa ya fahamu inayovivuta ikichoka, vinabaki vimelegea katikati ya njia, na hewa inapita kwa kukwaruza. Utasikia sauti hiyo anapovuta pumzi ndani, si anapoitoa. Kubweka kwake kumekuwa kwa sauti ya kukauka. Anakohoa akinywa maji. Mara nyingi miguu ya nyuma nayo inadhoofika, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni wa mishipa mirefu ya fahamu mwili mzima.

Hatari iko kwenye mzunguko wake. Siku ya joto anatweta, hewa inakwaruza zoloto, zoloto linavimba, hewa inapungua, joto linapanda, anatweta zaidi. Mbwa aliyekuwa sawa saa nne asubuhi anaweza kuwa amelala chini na ulimi wa bluu saa sita. Mvue ukosi wa shingoni leo hii na umwekee mkanda wa kifuani, punguza uzito kama amenenepa, mtembeze kabla ya jua kuchomoza tu. Upasuaji wa kuvuta upande mmoja wa zoloto na kuushona ukiwa wazi upo na husaidia wengi, ila baada yake chakula au maji yanaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia, hivyo mwulize daktari mapema jinsi ya kumlisha.

Tahadhari moja haiwezi kurukwa kwetu. Mbwa aliyebadilika sauti, anayetokwa mate na kushindwa kumeza, naye hana chanjo au chanjo imepitwa na muda, usimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa. Kichaa cha mbwa huanza hivyo pia. Zoloto hulegea kwa miezi. Kichaa hubadilisha mbwa kwa siku chache. Mfungie peke yake, zuia watoto, piga simu kwa ofisi ya mifugo. Aliyekwisha kuguswa na mate kwenye jeraha, au aliyeumwa, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Maumivu

Mbwa hulia kidogo sana kwa maumivu ya muda mrefu, hutweta. German Shepherd mwenye nyonga zilizochakaa hutweta jioni baada ya kulala kwenye sementi, husita kunyanyuka, huanza kusimama kwa miguu ya mbele, hulamba kifundo kimoja mpaka manyoya yageuke rangi ya kutu. Mgongo, meno yaliyooza na uvimbe wa ndani hufanya vilevile.

Mkono wa mtu huenda kwenye kabati la dawa, na hapo ndipo madhara makubwa yanapotokea. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Parasetamoli huumiza ini na chembe nyekundu za damu. Kwa mzee ambaye figo zake tayari zimechoka, vidonge viwili vitatu vinaweza kutosha. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na hata hizo hupimwa kwa kilo na haziendi pamoja na prednisoloni, dawa ya jamii ya kortisoli, kwa kuwa zikikutana tumbo hutoka vidonda. Ukienda kwa daktari, taja kila ulichompa, hata kama ni nusu kidonge na unaona aibu kusema. Jibu lako linabadilisha sindano atakayochoma.

Kortisoli, ya mwili na ya sindano

Tezi zilizo juu ya figo hutengeneza kortisoli. Kwa baadhi ya mbwa wazee, kivimbe kidogo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo huziamuru zitengeneze kupita kiasi. Mbwa huyo anatweta hata kwenye ubaridi, anakunywa na kukojoa sana, ana njaa isiyoisha, tumbo linaning'inia, na manyoya yanaisha pande zote mbili za mwili bila kujikuna. Wenye mbwa hufurahi kwamba mzee bado ana hamu ya kula, na ugonjwa unaendelea.

Pima maji anayokunywa. Jaza chombo kwa jagi lenye vipimo asubuhi, funga njia za vyanzo vingine, pima kilichobaki kesho yake saa ile ile. Zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya mwili kwa siku ni nyingi mno: mbwa wa kilo 20 anayemaliza zaidi ya lita 2 anahitaji vipimo vya damu na mkojo. Kisukari na figo huonekana kwa njia hii hii.

Halafu kuna kortisoli ya kuingizwa. Mbwa mwenye upele au mzio wa viroboto huchomwa deksamethasoni au hupewa prednisoloni, kuwashwa kunakoma, na sindano inarudiwa kila mwezi kwa sababu "inamsaidia". Kutweta, kiu na njaa ni matokeo ya kawaida ya dawa hizo. Kama amezitumia kwa wiki kadhaa, usizikatize ghafla. Tezi zake zimelala, na zinahitaji kuamshwa kwa kupunguza dozi polepole kwa maelekezo ya daktari.

Damu, kupe na matumbo ya uzazi

Chembe nyekundu zikipungua, mwili hudai hewa zaidi hata mapafu yakiwa mazima. Afrika Mashariki mtuhumiwa wa kwanza ni kupe. Babesia, kimelea kinacholetwa na kupe, huingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua: homa ya nyuzi 40 au zaidi, fizi nyeupe au za manjano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kutweta, kukataa chakula. Aina ya kusini mwa Sahara, Babesia rossi, ni kali na inaweza kuua ndani ya siku chache. Ehrlikia, bakteria anayeletwa na kupe pia, huenda polepole; mbwa hukonda, hutokwa damu puani, na hutibiwa kwa doksisaiklini wiki 4 hivi. Kipimo cha haraka cha babesia ni tone la damu kwenye kioo cha hadubini, gharama yake ndogo na majibu ni ya siku hiyo. Usikubali achomwe dawa ya ndorobo ya ng'ombe kwa kukadiria: dawa hiyo, diminazini, ina nafasi finyu kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ubongo wa mbwa.

Jike mzee ambaye hajafungwa kizazi, aliyekuwa kwenye joto la kutaka dume wiki 2 hadi 8 zilizopita, na sasa anatweta, anakunywa sana, hali na ametapika, huenda mji wake wa uzazi umejaa usaha. Usaha unaweza kutoka nje ukaonekana mkiani, au mlango ukafunga na kisionekane chochote ila tumbo kuvimba. Huu wa pili ni mbaya zaidi. Dawa za kuua bakteria peke yake hazitoshi kwa kawaida. Tiba ya uhakika ni upasuaji wa kuondoa mji wa uzazi na ovari, na kila siku inayopita inaongeza hatari yake.

Kwa German Shepherd na Labrador kuna bandama. Uvimbe wa bandama hupasuka na kuvujia tumboni: mbwa analegea ghafla, fizi zinakuwa nyeupe, anatweta. Damu ikiganda anapata nafuu baada ya saa chache, na nyumba nzima inashukuru. Siku chache baadaye inavuja tena, safari hii bila kukoma. Kulegea kulikopita kwenyewe, pamoja na fizi nyeupe, kusiachwe bila kupigwa picha ya ultrasaundi.

Tumbo lililojipinda

Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, amekula vizuri, baada ya saa moja au mbili hatulii. Anatweta, anatembea huku na huku, anajaribu kutapika na hakitoki kitu zaidi ya povu na mate. Tumbo nyuma ya mbavu linakaza kama ngoma. Tumbo limejaa hewa na kujizungusha, milango yote miwili imefunga, damu hairudi moyoni. Hakuna dawa ya nyumbani kwa hili. Maziwa, mafuta ya kupikia na soda havitafika popote, na mbwa anayetweta huvivuta kwenye mapafu. Ana saa chache za kufika mezani kwa mpasuaji, na kila mmoja njiani ahesabu kwamba ni chache.

Joto lenyewe

Mbwa wengi wa ulinzi hufungiwa mchana ndani ya banda la mabati ili wafunguliwe usiku. Saa saba mchana banda hilo ni tanuri, na mbwa mzee mwenye moyo au zoloto dhaifu hana akiba ya kulistahimili. Weka makuti au nyasi juu ya bati, acha uwazi wa sentimita 20 hadi 30 kati ya ukuta na paa pande mbili zinazoelekeana ili upepo upite, na weka maji kwenye vyombo viwili vizito, kwani kimoja kikipinduliwa saa nne atakaa na kiu mpaka jioni.

Ukimkuta anatweta kwa nguvu, anayumba, mate ni mazito, fizi nyekundu iliyokolea, huenda joto limepita nyuzi 41. Anza kumpoza hapo hapo kabla ya kutafuta gari. Mpeleke kivulini penye upepo. Fungua bomba maji yamwagike kwanza, kwa sababu mpira uliolala juani hutoa maji ya moto dakika nzima. Mlowanishe mpaka kwenye ngozi, hasa tumboni, kwapani na mapajani, kisha mpepee kwa feni au kipande cha boksi bila kuacha. Usimfunike taulo lenye maji ukaliacha, linahifadhi joto. Maji ya kunywa yawe karibu naye, asilazimishwe. Pima kila dakika 5, na kikisoma nyuzi 39.5 acha, maana joto litaendelea kushuka lenyewe. Kisha mpeleke kwa daktari hata akisimama na kutikisa mkia: figo na uwezo wa damu kuganda vinaweza kuharibika siku 1 hadi 3 zinazofuata.

Usiku, hofu na kuchanganyikiwa

Baadhi ya wazee hutweta usiku tu, wakizunguka chumba, wakisimama kwenye kona wakitazama ukuta, mchana wakilala. Ubongo unazeeka nao, na hali hiyo ina msaada wake. Lakini jina hilo litolewe mwisho, baada ya daktari kuondoa moyo na maumivu. Ngurumo za masika na fataki za mkesha wa mwaka mpya hutwetesha pia. Hizo zina mwanzo na mwisho unaojulikana.

Kumfikisha salama

Kosa la njiani linalosikitisha kuliko yote ni kamba ya mdomoni. Mbwa anayetweta akifungwa mdomo ili asiume, amenyang'anywa njia pekee ya kupoa na nusu ya hewa yake. Anaweza kufa kwenye buti la gari kabla ya kufika. Kama lazima avikwe kitu, kiwe kizibo cha kikapu kinachomruhusu kufungua mdomo na kutoa ulimi. Vinginevyo ashikwe na mtu anayemjua, akae kwenye kiti cha nyuma, madirisha yawe wazi au kiyoyozi kiwashwe, na aachwe achague mkao. Kama anataka kukaa, msimlaze.

Piga simu kabla hamjaondoka, mwulize kama wana oksijeni, eksirei na mtu wa upasuaji muda huo. Muuza duka la pembejeo anaweza kuwa mtu mwema, ila kwa mbwa anayekosa hewa anahitajika daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania au bodi ya Kenya. Vyuo vinavyofundisha madaktari hao, Sokoine kule Morogoro na Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, vina hospitali za wanyama pia. Daktari mzuri akimkuta mbwa anapumua kwa taabu atampa oksijeni kwanza na kumwacha atulie, ndipo ampige picha. Kumlaza chali kwa nguvu ili eksirei itoke safi kumewahi kuua.

Nenda na vitu vinne: namba za pumzi za usingizini, video ya sekunde 30 hadi 60 yenye sauti ukimrekodi akitweta nyumbani, pakiti za dawa zote alizopewa mwezi huo, na kwa jike, tarehe aliyokuwa kwenye joto mara ya mwisho. Video ni muhimu kwa sababu chumba cha daktari humtisha mbwa akatweta kwa hofu, na kile ulichokiona usiku hakionekani tena. Akianzishiwa dawa ya moyo, endelea kuhesabu kila usiku kwa wiki 2 za mwanzo, kisha mara 2 au 3 kwa wiki. Namba ikivuka 30, na ukirudia baada ya saa moja ikabaki hapo, mpigie daktari siku hiyo hiyo akurekebishie dozi, usiiongeze mwenyewe.